Breki za Corolla 110 kwenye autokrosi: tulinunua za mbele, tatizo lilikuwa nyuma

"Hakuna breki," mdogo wangu alisema akivua helmeti. Uso ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na mzunguko wake wa tatu ulikuwa umemchukua muda mrefu kuliko wa kwanza. Nikamwuliza hakuna vipi, maana asubuhi ile nilikuwa nimeikanyaga pedeli mwenyewe na ilikuwa ngumu. Akanijibu: "Nikikanyaga kabla ya ile kona ya mwisho, pua inaenda tu. Gari halisimami, na halikati kona."

Hayo ni malalamiko mawili. Mimi nilisikia la kwanza peke yake, na kwa kusikia nusu tulimaliza zaidi ya nusu ya bajeti ya msimu tukinunua breki ambazo leo ziko kwenye gunia chini ya meza yangu ya kazi. Nakieleza kisa hiki pamoja na hesabu zake kwa sababu kila mwaka naona vijana wa daraja letu wakishika njia ileile, na wengi wao hawana pesa ya kurudia.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, lile lile ambalo Nairobi lilibeba familia na teksi kwa miaka mingi. Injini ya lita moja na nusu, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, diski mbele, dramu nyuma, rimu za inchi 14, halina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kufunga). Tulitoa viti vya nyuma, zulia na vitambaa vya milango, tukaweka kizimba cha chuma na kiti kimoja cha mbio. Dereva akiwa ndani, uzito ni karibu kilo 1,000. Linashindana kwenye daraja la magari yanayovutwa na magurudumu mawili, yasiyo na turbo, ambalo ndilo daraja la watu wenye mifuko ya kawaida.

Kwa asiyeijua autokrosi ya Kenya: ni mbio za kushindana na saa kwenye njia fupi ya udongo na moramu, mahali kama Jamhuri hapa Nairobi au Stoni Athi. Watoto wa madaraja ya Bambino na Peewee wanaendesha vigari vyao, kisha magari ya kawaida, kisha yale ya kuvuta magurudumu yote manne. Mzunguko mmoja hauchukui muda mrefu. Unakimbia, unatoka, unasubiri zamu yako tena huku vumbi likitua na gari likipoa.

Marekani jina hilohilo lina maana nyingine. Huko autokrosi huchezwa kwenye maegesho makubwa ya lami, njia imechorwa kwa koni, na ukigonga koni moja unaongezewa sekunde 2. Lami inashika tairi, gari linainama mbele kwa nguvu, na ushauri wote wa breki unaotoka kule umejengwa juu ya mshiko huo. Mdogo wangu alikuwa amesoma ushauri huo usiku mwingi. Hata mimi niliusoma, nikaukubali, na sikujiuliza hata mara moja kwamba wale watu wanazungumzia uwanja gani.

Seti kubwa ya mbele

Tuliagiza diski za milimita 275 na kalipa (kibano kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni mbili, mtumba kutoka Japani, zilizotolewa kwenye Toyota kubwa zaidi. Pamoja nazo tukaagiza pedi za mbio, zile ambazo boksi lake limeandikwa nyuzi joto kubwa kubwa. Diski ya 275 haiingii kwenye rimu ya 14, kwa hiyo ilibidi tununue rimu za 15 na tairi zake, na rundo letu la tairi za 14 likabaki halina kazi. Hapo ndipo pesa ilipokwenda.

Kazi ya kufunga ilinichukua siku mbili. Nilitengeneza mabano ya kalipa, nikabadilisha mipira ya breki, nikatoa upepo kwenye mfumo mzima mara tatu kwa sababu pedeli haikutaka kupanda. Nilidhani kuna hewa iliyojificha. Haikuwepo. Kalipa mpya zilikuwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kuliko masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukumwa na pedeli, ilivyozoea kusukuma, basi pedeli ilikuwa inashuka zaidi kabla ya kushika. Kalipa ya kwanza ilikuwa na pistoni moja ya milimita 51. Mpya zilikuwa na pistoni mbili za milimita 43. Ukipiga hesabu ya eneo, mpya ni kubwa kwa asilimia 42. Mafuta yanayotakiwa kuzisogeza kwa umbali uleule nayo yanaongezeka kwa asilimia 42, upande wa mbele. Nilijua hesabu hiyo tangu chuo cha ufundi. Sikuifanya kabla ya kununua.

Mbio zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza pedi zilikuwa bado baridi, akakanyaga, hakupata kitu, akakanyaga zaidi, halafu zikashika kwa ghafla na magurudumu yote mawili ya mbele yakafunga, yaani yakaacha kuzunguka huku gari likiendelea kuteleza. Gari likaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta la udongo la nje ya kona. Hakuumia mtu, na bampa tuliirudisha kwa waya. Mzunguko wa pili ulikuja na sauti ya kukwaruza upande wa kulia. Kokoto lilikuwa limebanwa kati ya kalipa na upande wa ndani wa rimu, mahali ambapo nafasi ilikuwa milimita tatu tu, nalo likachonga mfereji kuizunguka rimu nzima. Ungedhani rimu imepitishwa kwenye mashine ya kuchonga chuma.

Nikaliegesha gari gerejini na sikuligusa kwa wiki nzima.

Swali la mzee wa Kirinyaga Road

Kuna mzee pale Kirinyaga Road, Nairobi, ambaye amefunga breki tangu enzi za magari ya kabureta. Nilikwenda kwake kutafuta ringi za mpira za kalipa, nikamweleza kisa kizima. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Kijana, nyuma umefungua?"

"Bado, mzee. Nyuma hazilalamiki."

"Zitalalamikaje kama hazifanyi kazi? Kafungue nyuma, halafu urudi."

Nilirudi gereji, nikatoa dramu zote mbili. Shuu, vile vipande vya ndani vinavyobana dramu, zilikuwa na unene karibu kama mpya, na uso wake uling'aa kama kioo. Upande wa kushoto, ile skurubu ya kujirekebisha yenyewe ilikuwa imeganda kwa vumbi na kutu, kwa hiyo shuu zilikaa mbali na dramu na zilihitaji kusafiri kwanza kabla ya kugusa chochote. Ndani mlikuwa na unga mwekundu mwingi wa moramu. Breki za nyuma za gari hili zilikuwa mapambo, na huenda zilikuwa hivyo kwa msimu mzima. Malalamiko ya mdogo wangu yalikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi fundi ndiye niliyekwenda kutafuta mahali pasipostahili. Ilinibidi nimwambie hivyo, na nilimwambia siku hiyohiyo.

Shuu kung'aa hivyo huweza kutokana na kutotumika vya kutosha. Zinagusa kidogo, zinasugua bila kubana, uso unakuwa laini, na ukishakuwa laini hata ukizirekebisha hazishiki vizuri mpaka uzipige msasa au uzibadilishe. Kwa gari la barabarani mtu anaweza kwenda miaka asijue, kwa sababu diski za mbele zinafanya kazi kubwa na gari linasimama. Kwenye moramu jambo hilo linaonekana kwenye kona ya kwanza tu.

Kwa nini nyuma ni muhimu zaidi kwenye moramu kuliko kwenye lami

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndiyo hesabu iliyobadilisha mawazo yangu yote.

Gari linapofunga breki, uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Kiasi kinachohama kinategemea mambo matatu: gari linapunguza mwendo kwa ukali kiasi gani, kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani kutoka ardhini, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa Corolla 110 umbali huo ni milimita 2,465. Kitovu cha uzito nimekikadiria nusu mita kutoka chini. Likiwa limesimama, mbele hubeba kama asilimia 61 ya uzito kwa sababu injini na giaboksi viko huko.

Kwenye lami kavu, tairi nzuri zinaweza kupunguza mwendo kwa nguvu inayokaribia 0.9 ya mvutano wa dunia. Uzito unaohama ni asilimia 18, basi mbele inabeba 79 na nyuma 21. Mtengenezaji wa gari aliipima breki yake kwa hali kama hiyo, na akaacha mbele iwe na nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika, ili mbele ifunge kwanza. Gari ambalo nyuma inafunga kwanza barabarani linajigeuza, na hilo huua watu. Uamuzi wake ni sahihi kabisa kwa barabara.

Kwenye moramu tairi haishiki hivyo. Tuseme ni 0.5. Sasa uzito unaohama ni asilimia 10 tu: mbele 71, nyuma 29. Magurudumu ya nyuma yameshika ardhi kwa uzito mkubwa zaidi kuliko yangekuwa kwenye lami, lakini breki za nyuma hazijaongezewa chochote. Mshiko wa ziada upo nyuma, lakini hakuna anayeutumia. Na mvua ikinyesha, mshiko ukishuka hadi 0.3, mgawo unakuwa 67 kwa 33.

Tukichukulia kwamba breki za kiwandani zinagawa nguvu 75 mbele na 25 nyuma, gari hili kwenye moramu ya 0.5 litafunga magurudumu ya mbele likiwa linapunguza mwendo kwa 0.47. Linapoteza kidogo tu. Sasa weka seti yetu kubwa: eneo la pistoni limeongezeka kwa asilimia 42, na mahali pedi zinapobana pamesogea nje kwa kama asilimia 11. Nguvu ya breki za mbele imekua mara 1.58. Mgawo mpya ni karibu 83 kwa 17, na magurudumu ya mbele yanafunga gari likiwa limefika 0.42 tu. Tulilipa pesa nyingi kuipunguzia breki uwezo kwa asilimia kumi. Na hapo nimehesabu kana kwamba nyuma zilikuwa zinafanya kazi yake, nazo hazikuwa.

Lazima niseme jambo moja la haki hapa. Kwenye udongo uliolegea, gurudumu lililofunga hujikusanyia kabari ya udongo mbele yake, na kabari hiyo husaidia kusimamisha gari. Ndiyo maana ABS ya magari mengi ya barabarani hurefusha umbali wa kusimama kwenye kokoto, na ndiyo maana wenzetu wengi wenye ABS huizima siku ya mbio. Kwa hiyo ukipima umbali wa kusimama peke yake, magurudumu ya mbele yaliyofunga yanaweza kuonekana si mabaya. Lakini gurudumu lililofunga haligeuzi gari. Unaweza kuzungusha usukani mpaka mwisho na pua isijali. Ndilo lile lalamiko la pili, lile nililolipuuza: halikati.

Na hilo ndilo ambalo sasa ninalishikilia. Kwenye autokrosi ya udongo, hasa kwa gari la kuvutwa na mbele, breki ni sehemu ya usukani. Dereva anaikanyaga ili uzito uende mbele, pua ishike, na mkia uwe mwepesi kiasi cha kuzunguka. Kama nyuma haina breki, uzito unakwenda mbele lakini mkia unabaki umenyooka nyuma yake kama mkokoteni.

Vipi kuhusu joto?

Kila nilipomweleza mtu kwamba tunarudisha diski ndogo, aliniuliza zitapata moto namna gani. Ni swali zuri, na jibu lake ni la hesabu.

Gari la kilo 1,000 likishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, breki zinameza kilojuli 185. Mbele zikibeba asilimia 75, kila diski inapata karibu kilojuli 69. Diski ya chuma ya kilo 5 itapanda nyuzi 30 za Selsiasi. Ukifunga breki hivyo mara sita katika mzunguko mmoja, na tuseme diski haikupoa hata kidogo katikati, umepanda nyuzi 180. Kisha unatoka na kusubiri zamu, na diski inarudi karibu na joto la kawaida kabla hujaitwa tena.

Nyuzi 180 haziwezi kuisumbua diski ya kiwandani. Lakini zinaisumbua sana pedi ya mbio, kwa njia ya kinyume: pedi ile imeundwa kufanya kazi ikiwa ya moto, na kwenye mzunguko wetu inamaliza safari kabla haijaamka. Ndicho kilichotokea kwenye kona ya kwanza siku ile ya tuta.

Pedi nyingi zina herufi mbili pembeni, kwenye msimbo uliochapishwa ubavuni. Ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa kazi yetu herufi ya kwanza ndiyo yenye maana. Tulichagua pedi za kawaida za barabarani zenye FF, ambazo utazipata kwenye duka lolote linalojali, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya zile za mbio. Kama ungependa kuweka GG mbele, fikiria tena: unarudi kulekule kuipa mbele nguvu ambayo nyuma haina.

Mafuta ya breki nayo tuliyaweka rahisi. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, na hata yakishanyonya unyevu kiwango cha chini ni 155. DOT 3 ni 205 na 140. Tunatumia DOT 4 na tunayabadilisha yote kabla ya msimu kuanza na katikati yake. Sisi hatuna joto la kudai zaidi ya hapo.

Tulichofunga hatimaye

Diski na kalipa za zamani zilirudi mbele, pamoja na pedi za FF. Nilisafisha pini za kalipa zinazoteleza na kuzipaka grisi ya breki, kwa sababu moja ilikuwa imeanza kukwama na kalipa ya pistoni moja inazitegemea sana. Yale mabati ya kukinga vumbi nyuma ya diski, ambayo ushauri wa lami unasema uyatoe ili upepo uingie, sisi tuliyabakiza. Niliyakunja nyuma kidogo ili kokoto likiingia lipate pa kutokea.

Nyuma ndiko kazi kubwa ilikofanyika. Dramu zilichongwa kwa mashine ya kuchonga chuma kuondoa ukingo, shuu mpya zikafungwa, skurubu za kujirekebisha zikasafishwa mpaka zikazunguka kwa kidole. Kisha silinda za magurudumu, zile zinazosukuma shuu. Zilizokuwepo zilikuwa na kipenyo cha milimita 17.46, tuliweka za milimita 19.05. Kwa macho hutaona tofauti. Kwa eneo ni asilimia 19 zaidi, na mgawo wa 75 kwa 25 unakuwa 71.6 kwa 28.4. Kumbuka moramu ilikuwa inadai 71 kwa 29.

Wengi walitushauri tuweke vali ya kurekebisha presha ya nyuma kwa mkono, ile yenye kitasa ndani ya gari. Ninaielewa hamu hiyo, lakini vali hiyo inajua kupunguza tu. Haiwezi kuipa nyuma presha zaidi ya ile inayotoka kwenye masta. Sisi shida yetu ilikuwa upungufu. Hata vali ya kiwandani ya kugawa presha huanza kubana presha ikishapanda sana, na kwenye moramu mguu wa dereva haufiki huko mara nyingi. Tena kuna jambo la mabomba: Corolla hii ina saketi za mshazari, gurudumu la mbele la kulia na la nyuma la kushoto ziko pamoja, na nyingine vivyo hivyo. Vali moja ya nyuma ingekulazimu kubomoa mfumo wote na kuupanga upya. Tulikataa, na sijajuta.

Hendibreki ilipata kebo mpya. Kwenye kona kali zinazogeuza gari kurudi lilikotoka, mdogo wangu huivuta kwa sekunde moja huku klachi ikiwa chini, na dramu zilizo hai zinafunga mara moja. Zamani aliivuta mpaka mkono ukauma.

Busta ilitufundisha kitu kingine. Busta ya breki, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedeli, inasaidiwa na tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na ombwe la injini. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ina shinikizo la karibu kilopaskali 82 badala ya 101 za Mombasa. Msaada mkubwa kabisa wa busta hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Dereva anayefunga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko kwenye aksilereta analipoteza ombwe lenyewe, kwa sababu koo la injini liko wazi. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa jiwe. Mdogo wangu alikuwa ameanza kujifunza mbinu hiyo na alidhani breki zimekufa katikati ya mzunguko. Nilikagua vali ya njia moja ya kwenye bomba la busta, nikaikuta inavuja, nikaibadilisha. Sehemu iliyobaki ni mazoezi: achia aksilereta kidogo kati ya kona na kona, busta ijaze akiba yake.

Kupima kabla ya kushindana

Hatukurudi mashindanoni kabla ya kupima. Jamaa yetu ana shamba lenye njia pana ya udongo unaofanana na ule wa uwanjani. Tulibandika utepe mweupe kwenye ubavu wa kila tairi, mmoja wetu akasimama pembeni na simu iliyowekwa kurekodi polepole, dereva akaja kwa kilomita 60 kwa saa na kukanyaga taratibu akiongeza nguvu hadi kitu kifunge. Ukitazama video, utepe unaosimama kuzunguka kwanza ndio unaokujibu.

Tulianza na breki za kiwandani zilizorekebishwa, silinda ndogo zikiwa bado ziko nyuma. Mbele zilifunga kwanza, mapema. Tukabadilisha silinda palepale shambani, tukatoa upepo, tukarudia. Mbele zilifunga bado za kwanza, lakini nyuma zilifuata karibu sana, na gari lilibaki limenyooka. Hapo ndipo tulipotaka kufika. Kama nyuma zingefunga kwanza, ningerudisha silinda ndogo bila kujadili.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mpangilio huu ni wa gari linalobebwa kwenye lori hadi uwanjani na kurudishwa kwenye lori. Kwenye lami, ambako mgawo unaodaiwa ni 79 kwa 21, gari hili linaweza kufunga nyuma kwanza na kujigeuza kwa mwendo wa barabara kuu. Nimetoa namba za usajili na nimekataa ombi la mdogo wangu la kulitumia kwenda dukani. Ukilitaka gari moja kwa kazi zote mbili, baki na silinda za kiwandani, weka shuu nzuri, safisha skurubu, na ukubali gari liwe na pua nzito kidogo siku ya mbio.

Mbio zilizofuata njia ilikuwa imebadilishwa, kwa hiyo sikulinganisha muda wake na wa zamani. Nililinganisha na mtu. Kuna dereva mmoja wa daraja letu, gari lake halikubadilika msimu ule, naye alikuwa amezoea kumpita mdogo wangu kwa zaidi ya sekunde tatu kila mzunguko. Siku ile alimpita kwa sekunde moja na kidogo. Lakini nilichotazama zaidi ni kona ya mwisho. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ya malalamiko. Gari lilikuja, taa za breki zikawaka kwa muda mfupi, mkia ukatoka taratibu, na pua ilikuwa imeshatazama njia ya kutokea kabla hajafika katikati. Alishuka bila kusema neno kuhusu breki, akaomba maji.

Kuna jambo ambalo bado halijaisha. Mvua ya Aprili ilipokuja, matope yaliingia ndani ya dramu, na kila baada ya siku ya mbio inanilazimu kuzifungua, kuzipuliza na kuangalia skurubu. Mdogo wangu anataka tuweke diski nyuma. Nimemwambia nitakubali akiniletea hesabu ya mgawo kwanza, pistoni ya ngapi, diski ya ngapi, na masta silinda gani, yote kwenye karatasi moja. Mpaka sasa ameniletea nusu ya karatasi, na sehemu aliyoandika ni sahihi.